Kuuliza Kabla ya Kuhukumu

Mara kwa mara twasoma katika magazeti kwamba kijana fulani ameuawa "na wananchi wenye hasira kali". Maneno hayo tumeyazoea mno, hata hatuyatazami tena. Leo tuyatazame. Aliyeuawa ametajwa jina, au angalau umri wake na kitu alichodhaniwa kuiba: simu, baiskeli, pengine kuku wawili. Waliomwua hawakutajwa. Ni kana kwamba hasira yenyewe ndiyo iliyookota mawe. Na hasira haina jina, haina nyumba, wala haiwezi kusimamishwa kizimbani. Kesho yake kila mtu aenda kazini kwake, na hakuna ajionaye kuwa mwuaji.

Yatupasa basi kuuliza: Je, mtu ana haki ya kumhukumu mwenzake ambaye hakumwuliza neno lo lote?

Swali hili lina ndugu yake. Wako watu ambao kazi yao ya maisha ni kuchunguza habari za uhalifu wa vijana, habari za waliodhulumiwa, na jinsi raia na polisi wanavyoishi pamoja. Hufundisha katika vyuo vikuu, huzunguka mitaani na vijijini na daftari, huandika vitabu. Mwenye kuibiwa aweza kuwacheka na kusema: "Mimi nimevunjiwa mlango, nawe wanijia na kalamu!" Je, kazi yao ina haki ndani yake, au ni anasa ya wasomi? Sisi twaona kwamba maswali haya mawili ni swali moja, na jibu lake lawahusu baba na mama wote wa nchi hii, wala si wasomi peke yao.

Njia ya misafara

Tuanzie Isevya. Isevya ni kata mojawapo ya mji wa Tabora, na Tabora ni mji uliozaliwa na njia. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapumzika Unyanyembe, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Mwaka 1912 reli ya kati ilifika Tabora, na mwaka 1928 njia ya kwenda Mwanza ikakamilika. Hata leo mji huu ni mahali pa watu kukutana na kuachana. Mji wa namna hiyo haukosi vijana wasio na mtu: yuko aliyekuja kutafuta kibarua akakosa, yuko aliyemfuata mjomba akakuta amehama, yuko aliyeshuka katika gari la moshi na nauli ya kuja tu, bila ya kurudia.

Nchi ya Unyamwezi yawajua vijana wa jinsi hiyo tangu zamani. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga nguvu zake kwa rugaruga. Hao walikuwa nani? Wengi walikuwa vijana tu: waliotekwa vitani, waliotoroka utumwani au misafarani, waliokosa ukoo wa kuwasimamia. Mirambo aliwapa bunduki, chakula na mahali pa kujiita kwao. Mwaka 1871 watu wake waliingia Tabora yenyewe, wakachoma moto sehemu ya mji. Wafanyabiashara waliwaita wanyang'anyi. Bwana wao aliwaona askari. Hatukusudii leo kuwasifu wala kuwalaani watu waliokwisha kulala. Twataka kuonyesha jambo moja tu, nalo ni hili: kijana asiye na watu wake hakosi mtu wa kumwokota. Asipoitwa na baba, ataitwa na mwingine, na huyo mwingine hachagui kazi ya kumpa kwa kufuata faida ya kijana.

Mchunguzi wa Kahama

Miaka mia moja baada ya Mirambo, nchi ile ile iliona kundi jingine lenye silaha. Safari hii hawakuwa vijana wasio na kwao, bali wenye nyumba na ng'ombe. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979. Bunduki zilitapakaa, wizi wa ng'ombe ulizidi, wanyang'anyi waliingia majumbani usiku, na kituo cha polisi kilikuwa mbali. Tena watu walilalamika kwamba mwizi apelekwaye kituoni leo, kesho kutwa huonekana sokoni. Basi, kati ya mwaka 1981 na 1982, katika wilaya za Kahama na Nzega, wanavijiji walijiunga, wakachagua viongozi wao, wakashika pinde, mishale na filimbi. Wakaitwa Sungusungu, kwa jina la wale chungu weusi wakubwa waumao. Kwa muda mfupi wakaenea katika mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza. Viongozi wa Chama na Serikali waliwasifu. Polisi na mahakama waliwaonea shaka. Mwaka 1989 sheria ilitungwa ya kuwatambua, nayo ikawapa uwezo wa kukamata watu.

Nani angeweza kueleza jambo hili bila kulipaka sukari wala pilipili? Mmoja wao alikuwa Ray Abrahams, Mwingereza, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Yeye alifika Kahama mwishoni mwa miaka ya 1950 kuchunguza maisha na utawala wa Wanyamwezi. Mwaka 1967 alitoa kitabu juu ya utawala wao. Akarudi katika miaka ya 1970, na mwaka 1981 akatoa kingine juu ya hali yao ya siku zile. Kwa hiyo Sungusungu walipotokea, hakuwa mgeni aliyeshuka juzi na kamera. Mwaka 1987 aliandika juu yao, na mwaka 1998 alitoa kitabu kizima kuwalinganisha na raia wa nchi nyingine za dunia waliojitwalia ulinzi mikononi mwao. Tangu siku alipoingia Kahama hata siku ya kitabu hicho ilipita karibu miaka arobaini. Wengine walihitaji dakika tatu tu kuamua mtu ni mwizi.

Aliona nini? Aliona kwamba Sungusungu hawakuwa malaika wala hawakuwa majambazi. Walizaliwa pale ambapo mkono wa Serikali umekuwa mfupi, au umeaminiwa kidogo. Watu walitaka kulala usingizi nyumbani mwao, na hilo si kosa. Katika vijiji vingi wizi wa ng'ombe ulipungua kweli. Walakini mshale ule ule uliomtisha mwizi uligeuka. Sufian Bukurura, mwanasheria wa Kitanzania, alichunguza Sungusungu wa Kahama, na mwaka 1994 alieleza jinsi watu walioshukiwa uchawi walivyofukuzwa vijijini mwao. Katika kitabu hicho hicho, kilichosimamiwa na Abrahams, Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika juu ya mauaji ya walioitwa wachawi katika Usukuma. Wengi wa hao walikuwa wanawake wazee. Mama aliyepika kwa kuni miaka hamsini, macho yake yakawa mekundu kwa moshi, aliambiwa kwamba macho hayo ndiyo ushahidi.

Wasomaji wapenzi, tulifikirie sana jambo hili. Ni wanavijiji wale wale, ni usiku ule ule, ni filimbi ile ile. Jioni moja waokoa ng'ombe wa jirani. Jioni nyingine wamfukuza bibi kizee. Tofauti ni nini? Kwa ng'ombe waliuliza: alitoka zizi gani, nyayo zimeelekea wapi, nani aliyepita njia ile. Kwa bibi kizee hawakuuliza cho chote, maana walikuwa "wamekwisha kujua". Hapo ndipo haki inapogeuka kuwa dhuluma, na mara nyingi wenyewe hawatambui wakati wa kugeuka kwake.

Wala tusidhani kwamba kosa hilo ni la wanavijiji tu. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola vilitaka kukomesha mauaji ya hao walioitwa wachawi. Nia ilikuwa njema. Lakini watu wengi walikamatwa, wakateswa, na baadhi yao wakafa wakiwa mikononi mwa waliowakamata. Kumwuliza mtu kwa kumpiga si kumwuliza; ni kumlazimisha aseme lile ulilokwisha kuliamini wewe. Mwanzoni mwa mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa ajili ya jambo hilo, ingawa mkono wake haukumpiga mtu. Alikubali kubeba jina la tendo lililotendwa chini yake. Miaka minane baadaye, mwaka 1985, Watanzania walimchagua kuwa Rais. Sasa mlinganishe waziri yule na wale "wananchi wenye hasira kali". Yeye hakutenda, akajitaja. Wao walitenda, wakajificha katika wingi.

Kumwuliza aliyedhulumiwa

Wachunguzi wa uhalifu wa zamani walihesabu kesi zilizoandikwa katika vituo vya polisi, wakadhani wamehesabu uhalifu wote. Lakini daftari la polisi halijui ila lile lililoletwa. Ndiyo sababu wachunguzi wa siku hizi huenda nyumba kwa nyumba na kuuliza: Je, umedhulumiwa? Ulidhulumiwa nini? Ulimwambia nani? Kama hukumwambia mtu, kwa nini? Kazi ya namna hiyo ilifanyika Dar es Salaam mwaka 2000, chini ya mpango wa Miji Salama ambao jiji hilo liliuanza mwaka 1997 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2001. Pamoja na kuuliza juu ya wizi na uvunjaji wa nyumba, wachunguzi walizungumza na wanawake kwa kirefu juu ya mapigo na ukatili.

Po pote duniani ulizo la namna hiyo linapofanyika, jambo moja huonekana: maovu mengi hayafiki kituoni kamwe. Mmoja asema kituo ni mbali. Mwingine asema ataombwa fedha. Mwingine aogopa kulipiziwa kisasi. Mwingine aona aibu, kwa maana aliyemdhulumu hula naye sahani moja.

Tulitazame jambo hili kwa mfano. Tuseme yuko mama huko Isevya auzaye vitumbua alfajiri. Usiku mmoja mlango wake wavunjwa, na fedha za unga na mafuta zachukuliwa. Apiga kelele. Majirani watoka. Kijana mmoja aonekana akikimbia, naye hukimbia kwa sababu yo yote ile. Katika robo saa kijana amelala chini, na mtu ameshika kiberiti. Je, yuko aliyemwuliza yule mama anataka nini? Hakuna. Yeye alitaka fedha zake, mlango imara, na usiku wa amani. Sasa fedha hazikupatikana, mlango bado umevunjika, na mbele ya mlango huo kuna maiti. Kila asubuhi atakapotoka na karai lake atapita mahali pale. Watu wametumia machozi yake kuwa ruhusa ya kutenda walilolitaka wenyewe. Basi mama huyu amedhulumiwa mara mbili: kwanza na aliyevunja mlango, pili na waliodai kumtetea.

Tena tuone jambo jingine. Simu ikiibiwa, mtaa mzima huamka. Binti wa kazi akipigwa kila siku nyuma ya ukuta, mtaa hulala. Mtoto akiharibiwa na ndugu wa nyumbani, wazee huketi faraghani, wakapatana fidia, na mtoto haitwi hata kuulizwa. Twapiga kelele kwa ajili ya mali, twanyamaza kwa ajili ya mtu. Mchunguzi mwaminifu atuuliza juu ya ukimya huo pia, na pengine ndiyo sababu hatumpendi.

Kumwuliza kijana

Sasa tumtazame kijana mwenyewe. Watu husema: "Ni umaskini." Wengine husema: "Ni tabia mbaya tu." Maneno yote mawili ni mepesi. Wachunguzi wawili Wamarekani, Marshall Clinard na Daniel Abbott, walifanya kazi mjini Kampala, na mwaka 1973 walitoa kitabu. Walilinganisha mitaa miwili ya watu maskini, Kisenyi na Namuwongo. Umaskini ulikuwa pande zote mbili, lakini Kisenyi palikuwa na uhalifu mwingi, na Namuwongo palikuwa na uhalifu mchache. Kwa nini? Waliona kwamba Namuwongo watu walikuwa wakitembeleana zaidi, walijuana, na walishiriki zaidi katika mambo ya mtaa wao. Ukuta uliozuia wizi haukuwa wa matofali. Ulikuwa wa mazoea ya jirani na jirani.

Jambo hili lawapa wazazi faraja na lawama pamoja. Ni faraja, kwa maana hatuna haja ya kungoja utajiri ndipo tuwaponye vijana wetu. Ni lawama, kwa maana kutembeleana hakugharimu fedha, nasi tumekuacha.

Wachunguzi wa nchi nyingi wameona pia kwamba kijana mwenye kudhulumu wengine, mara nyingi amekwisha kudhulumiwa yeye. Alipigwa nyumbani, aliporwa barabarani, alitumikishwa bila mshahara. Kwa hiyo tukimwuliza vema mtuhumiwa, twakuta kesi ya pili ndani ya ile ya kwanza, ambayo hakuna aliyeifungua.

Na tukikataa kuuliza, moto hauzimiki. Mwezi Januari 2015 hofu kubwa iliwashika watu wa Dar es Salaam kwa ajili ya vijana walioitwa Panya Road. Maduka yalifungwa, watu wakakimbia huku na huku. Ilielezwa wakati ule kwamba vijana hao walikuwa wametoka kumzika mwenzao aliyeuawa na watu kwa shtaka la wizi. Hilo haliwapi haki hata kidogo ya kupora na kujeruhi wasio na hatia. Lakini lile jiwe lililodhaniwa kuwa mwisho wa wizi lilikuwa mwanzo wa jambo kubwa kuliko wizi.

Sheria zetu zalijua jambo hili. Katiba yetu yakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa lake halijathibitishwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Yampa mahakama yake, na yakataza asihukumiwe kifungo cha gerezani. Hayo hayakuandikwa ili kuwafurahisha wakosaji, bali kwa sababu mti ungali mchanga waweza kunyoshwa. Wazee wetu walikwisha kusema: samaki mkunje angali mbichi. Mkunje, hawakusema mchome.

Jibu kwa wenye mashaka

Labda mtu atasema: "Maneno haya ni kuwatetea wezi. Mwandishi hajaibiwa." Hasha! Mwizi ni mdhalimu. Yampasa kurudisha alichotwaa, kuomba radhi, na kupokea adhabu ya haki. Kumjua mwizi si kumfutia kosa. Mganga auchunguzaye ugonjwa haupendi. Auchunguza ili aupige mahali pake. Asiyeuchunguza ndiye akataye mguu mzima kwa ajili ya mwiba.

Mwingine atasema: "Polisi hawafanyi kazi, tukiwapelekea, watamwachia." Neno hili lina uzito, wala hatutaki kulipuuza. Sungusungu wenyewe walizaliwa na neno hilo. Lakini tuangalie lielekeapo. Kama askari hakufanya kazi yake, dawa ni kumfuata mpaka aifanye: kutoa ushahidi, kuhudhuria mahakamani, kulalamika kwa wakubwa wake. Umati uuao haumwongezei askari bidii, humwondolea kazi. Na tena maiti haitoi ushahidi. Kama kijana yule alitumwa na mtu mzima anunuaye mali ya wizi, mnunuzi huyo ndiye atakayefurahi zaidi kuliko wote, maana siri yake imezikwa.

Tangu mwaka 2006, wakati wa Inspekta Jenerali Said Mwema, Jeshi la Polisi limehubiri Polisi Jamii na ulinzi shirikishi, yaani raia na askari kulinda pamoja. Ni wazo jema, nasi twaliunga mkono. Lakini ushirika una pande mbili. Raia hawezi kumpa askari habari leo, na kesho akasikia jina lake likitajwa kilabuni. Wala askari hawezi kuaminiwa na vijana wa mtaa ikiwa hukutana nao siku ya kuwakamata tu. Askari ajuaye majina ya vijana wa mtaa kabla ya kosa, huyo amekwisha kuzuia nusu ya makosa.

Na wa tatu atasema: "Kuuliza kunachelewesha." Naam, kunachelewesha. Hiyo ndiyo faida yake. Fedha zilizoibiwa zaweza kulipwa mwezi ujao. Mlango waweza kutengenezwa kesho. Lakini akiuawa asiye na kosa, hakuna mahakama ya rufani iwezayo kumrudisha kwa mama yake. Na kama ana kosa, kosa hilo lilistahili adhabu iliyopimwa. Kipimo hicho hakimo katika jiwe.

Yatupasayo

Basi tufanye nini? Kwanza, sisi wazazi. Kuuliza kuanze nyumbani. Mtoto aliyerudi na simu mpya ambayo hatukumnunulia, na aulizwe ameipata wapi. Baba asiyeuliza, kwa kuwa simu hiyo yamfaa naye, ndiye wa kwanza kumfundisha mwanawe wizi. Mama amfichaye mwana kwa majirani, akidhani ampenda, amwandalia siku mbaya. Tena tuulize kwa masikio na si kwa fimbo tu. Kijana ajuaye kwamba ataulizwa na kusikilizwa, hurudi nyumbani. Asiyesikilizwa hutafuta watu wengine, na tumekwisha kuona ni watu gani wamngojao njiani.

Pili, sisi majirani. Tuwajue vijana wa mtaa kwa majina, hata wale walalao kituoni na wale wasukumao mikokoteni. Ni vigumu kumrushia jiwe mtu ambaye wamjua jina lake na kabila la mama yake. Na kelele zikipigwa usiku, tutoke. Kukaa ndani wakati jirani aibiwa ni woga. Lakini aliye mzee katika umati huo, na asimame mbele ya aliyekamatwa, aseme kwa sauti: "Tumwulize kwanza. Kisha twende kituoni sote." Mara nyingi sauti moja ya mtu aheshimiwaye yatosha, maana katika umati wengi hawataki kuua, wangoja tu mtu wa kuwaambia wasiue.

Tatu, wenye mamlaka. Wakumbuke kwamba kila kesi ipoteayo kwa rushwa yapanda mbegu ya mauaji ya kesho mtaani.

Mwisho, hata wachunguzi wana deni. Watu wa Kahama na Nzega walijibu maswali yao kwa saimu na subira. Mama wa Dar es Salaam alisimulia maumivu yake kwa mgeni. Lakini vitabu vilivyotoka katika majibu hayo vingi vimeandikwa kwa Kiingereza, navyo vimewekwa katika maktaba ambazo waliojibu hawataziona kamwe. Aliyeuliza na arudi kujibu. Na aje na maneno ya Kiswahili, aketi katika ofisi ya kata, aseme: "Hili ndilo mliloniambia, na hili ndilo nililoliona." Siku hiyo mama mwuza vitumbua hatacheka kalamu yake tena, maana ataona kwamba imemfanyia kazi ambayo jiwe halikuweza.

Nasi tusiwaachie wao peke yao kazi hii. Kuuliza kabla ya kuhukumu hakuhitaji shahada ya chuo kikuu. Kwahitaji moyo ukubalio kwamba pengine haujui yote. Usiku wa leo, katika mtaa fulani wa nchi hii, huenda filimbi italia tena. Watakaotoka ni baba zetu, kaka zetu na wana wetu. Tuwafundishe tangu sasa, wakiwa bado mezani nasi, neno la kusema watakapofika pale.